Mayai ya Mechi

Juzi niliona kwenye televisheni wachezaji wakiruka ukuta wa uwanja badala ya kupita getini, wakihofia uchawi uliotegwa pale, nikamkumbuka baba. Katika timu ya mtaa wetu kule Tabata, yeye ndiye aliyekuwa akipasua mayai nyuma ya goli kabla ya mechi ili bao lisiingie. Msimu mmoja, nilipokuwa mdogo, mabao yaliingia tu.

Kisha akaja kocha mpya. Kwa wiki kadhaa aliwakimbiza wachezaji mchangani kila asubuhi, na siku ya mechi akamsimamisha baba getini.

"Shikamoo mzee. Hayo mayai leo kayale nyumbani."

"Mzee chipsi mayai," mtu akadakia nyuma, watu wakacheka. Baba naye alicheka kidogo.

Tulishinda tatu bila. Nilishangilia mpaka vumbi likanijaa mdomoni, nikiamini kwamba mayai yale mfukoni mwa baba ndiyo yaliyofunga.

Nyumbani mama aliyakaanga yale mayai. Chumba kilinukia vitunguu, nami nikadhani tunasherehekea. Baba alinisogezea sahani yake. Nikala na yake pia, huku nje watu wakipita wakiimba jina la kocha.