Kamati ya Bunge Yataka Jina la Mama Mkwe Wangu

(Mwandishi wa barua hii tunamjua. Ameomba tumfiche, nasi tumemfichia. Msomeni kwa huruma.)

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeolewa upande wa Msambweni, nina watoto wawili. Ni karani wa tawi la halmashauri ya usawa, ile iliyoundwa baada ya Uhuru ili mwanamke anayelima shamba la tajiri alipwe sawa na mwanamume. Wenzangu walinionea kijicho nilipopata kazi hii. Leo yeyote anayeitaka aje aichukue, na kiti nitamfutia vumbi.

Mwaka jana tulipewa fungu la kuwalipa wanawake kumi na mmoja wa shamba la minazi lililo karibu nasi, fidia ya miaka waliyolipwa nusu. Niliwalipa kwa mkono wangu, kila mmoja akatia dole gumba kitabuni. Mmoja wao ni mama mkwe wangu. Kwetu mkaza mwana hataji jina la mkwewe, hata akiwa peke yake chumbani. Basi nikamwandika kama ninavyomwita nyumbani, Mama Saidi. Wenzake walipoona wakasema, "Nasi tuandike vivyo hivyo, mwanangu. Waume zetu wasijue." Nikawaandika: Mama Juma, Mama Mwanasha, Mama Bakari, mpaka wakaisha. Niliona nimefanya heshima. Kumbe nilikuwa najichimbia kaburi.

Mwezi uliopita kamati ya Bunge inayokagua hesabu ilifika Kwale. Watu walijaa ukumbini, wanaume mbele, wanawake nyuma. Nami nikaitwa nisimame. Mwenyekiti, mheshimiwa kutoka bara, akafungua kitabu changu, akacheka.

"Huyu Mama Saidi ni nani? Hii ni jina ama ni nini?"

"Ni mtu, mheshimiwa. Yupo."

"Mama Saidi wako mia hapa. Dole gumba haliongei. Taja jina lake."

Mama mkwe alikuwa ameketi nyuma yangu, hatua kumi tu. Baba mkwe alikuwa mbele, na yeye aliwahi kuapa hadharani kwamba mke atakayemficha pesa atapewa talaka siku hiyo hiyo. Na pesa zile mama alikwisha kuzinunulia cherehani, ameiweka kwa dada yake huko Tiwi ili binti yake mwenyewe, yule mdogo, ajifunze kushona. Nikasema jina siwezi kulitaja. Mwenyekiti akawageukia wanawake wenyewe, akauliza ni nani kati yao aliyelipwa. Hakuna aliyeinua mkono, hata mmoja. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Kamati ikanipa hadi mwisho wa mwezi huu nipeleke majina kumi na moja ya kweli, yasomwe ukumbini mbele ya watu. Nisipoyapeleka, nitashtakiwa kwa wizi, na wao wataliambia Bunge lisiipe halmashauri yetu pesa za mwaka ujao. Tawi litafungwa. Pale shambani nyapara ameshaanza kutamba kwamba wanawake watarudi kwenye nusu yao.

Juzi nilijipa moyo nikamfuata mama jikoni. Alikuwa akikuna nazi.

"Mama, watanifunga."

"Najua, mwanangu."

"Na nikiliandika jina lako?"

Hakuinua uso. Alikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, ndipo akasema taratibu, "Liandike. Mimi nitaapa kwamba sikupokea hata senti. Mtu wa umri wangu akiachwa, aende wapi?"

Simchukii, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ndiye anayewalea wanangu nikienda kazini. Asubuhi ya leo alinimiminia chai kama kawaida, tukanywa. Mume wangu bado sijamwambia, maana ni mamake, na nikimwambia nitakuwa nimeshaitoa siri.

Nikiandika, nitamvunjia mama ndoa yake, na bado mimi ndiye nitakayeonekana mwongo. Nikinyamaza, nitafungwa, na wanawake wale wale walioninyima mkono watarudi kulipwa nusu kwa sababu ya kitabu changu. Zimebaki siku tisa, na karatasi ya kamati iko mbele yangu, haina jina hata moja. Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, kalamu hii ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika nini?