Folda za Maharage

Jumapili ndiyo siku iliyonishinda kijijini Bashay. Siku nyingine nilikuwa na vipindi vya baiolojia, madaftari ya kusahihisha na kelele za wanafunzi. Jumapili kijiji kizima kinakwenda kanisani, na mimi, Mwislamu kutoka Lindi, nabaki na ukungu na ng'ombe wa jirani. Mke wangu alikataa kunifuata. Alisema baridi ile nilipangiwa mimi, siyo yeye. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila siku. Baadaye ikawa mimi ndiye ninayepiga.

Basi nikajitafutia kazi. Jirani alikuwa ameniletea bakuli la maharage, nikaona yana rangi ambazo kwetu sijawahi kuziona. Nikayapanga juu ya karatasi nyeupe, pembeni ya rula, nikayapiga picha, nikaiweka kwenye mojawapo ya kanzidata za bure mtandaoni, zile ambazo mtu anatunza mkusanyiko wake kwa folda. Nikaanza kuulizia. Kumbe kila nyumba ilikuwa na yake: mekundu yenye madoa, ya njano, meusi yanayong'aa. Wanafunzi wakaniletea kwenye mifuko ya sare, akina mama kwenye vikombe. Zikafika aina thelathini na moja.

Mimi kwa kupanga vitu sijambo, karibu ugonjwa. Niliunda folda kwa rangi, nikazifuta. Nikapanga kwa ukubwa, nikaona ya wastani nimeyaonea. Mwishowe kila aliyenipa nikamfungulia folda yake, na ndani yake picha, urefu kwa milimita na tarehe. Jumapili nzima inapita nahamisha maharage kutoka folda hii kwenda ile, na nakiri kwamba nilikuwa nafurahi.

Picha ikishapanda mtandaoni, maharage yenyewe niliyatia sufuriani. Kwetu maharage ni mboga tu.

Mwaka wa tatu mvua ilizidi, maharage yakaoza shambani kabla ya kukauka. Jumapili moja, watu walipotoka kanisani, bibi mmoja anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu akabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya mbegu yangu."

Niliikumbuka mara moja: nusu kikombe, madogo, ya kijivu yenye mistari ya zambarau. Mama yake alimfungia kwenye kitambaa siku alipoolewa, naye akayapanda kila mwaka tangu hapo. Safari hii alikuwa amepanda yote aliyokuwa nayo, na yote yameoza. Ameuliza majirani, ameuliza mpaka Basotu kwa binti yake. Hayapo.

"Nikawaambia, hayajapotea, yako kwa mwalimu. Nipe kidogo tu. Nikivuna nitakurudishia."

Nikawasha kompyuta, tena kwa fahari, nikafungua folda yake. Akainama, akagusa kioo kwa kidole.

"Ndiyo yenyewe! Haya, nitolee."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Ningeweza kuwasingizia wadudu, na angeniamini.

"Bibi, niliyapika."

"Yote?"

"Yote."

Akatazama dirishani, kwenye kiwanja changu cha nyuma nilichokiacha kiote majani. "Mimi nilijua umepanda," alisema.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumba thelathini na moja zilinipa mbegu ili nilime nao, tupalilie pamoja, tubadilishane mavuno, na mimi nikazipima kwa rula. Miaka mitatu nilikuwa nanung'unika kwamba sina mtu, kumbe watu walikuwa wananiita. Niliona aibu.

"Yalikuwa matamu?" bibi aliuliza.

Sikukumbuka. Urefu niliandika, ladha sikuandika.

"Matamu sana, bibi."

"Eeh. Mama yangu alikuwa hataki mengine."

Akajifunga shuka lake vizuri, nikadhani anaondoka. Nikanyoosha mkono kufunga kompyuta.

"Acha kwanza, mwalimu," alisema. "Bado naangalia."