Siku Breki Alipopanda Boti

Kinyozi huyu hakuwa mtu wa maji. Kuogelea hakujua, samaki alimjua akiwa sahanini tu, na boti alizowahi kuzitazama kwa karibu ni zile za kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya kioo cha duka lake. Basi wateja walipomsikia akiulizauliza nani anauza boti kuukuu ya alumini, ndogo, ya kuvulia, walicheka mpaka ikambidi awaondolee wembe shingoni.

"Kinyozi, umechoshwa na nchi kavu?" wakamtania.

"Samaki hawana nywele," akawajibu. "Nataka nipumzike."

Sababu yenyewe hakuwaambia. Sababu ilikuwa imelala chumba cha uani nyumbani kwa dada yake, imekonda, macho yamekuwa ya manjano.

Aliyelala mle aliitwa Breki. Alikuwa dereva wa lori tangu ujana wake, na jina hilo walimpa madereva wenzake, maana alikanyaga breki hata akiona kivuli cha kuku. Ndiye aliyemwoa dada wa kinyozi, wakati kinyozi mwenyewe akiwa bado mtoto asiye na baba wala mama, na alipomchukua mke alimchukua na mdogo mtu pamoja na begi lake la shule. "Nilioa mmoja nikapewa nyongeza," alizoea kusema. Akamlea, akamsomesha, na alipoona masomo hayapandi, akamnunulia mashine yake ya kwanza ya kunyolea. Kwa ndoa walikuwa mashemeji na walitaniana kishemeji, lakini kwa ukweli wa mambo kinyozi hakuwa na baba mwingine anayemkumbuka.

Kila Jumamosi Breki alikuja dukani kunyolewa hata pale kipara kilipokuwa kimemaliza kazi yote, na kila Jumamosi mazungumzo yalikuwa ya boti. Akistaafu watanunua boti. Wataingia ziwani, watavua, na wasipopata kitu watapitia sokoni wanunue samaki, wakadanganye nyumbani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushika kasia. Kisha Breki akastaafu, na kabla hajazoea kuamka bila safari, ini likamgeuka. Daktari aliwaita dada na kinyozi pembeni, akawaambia wamrudishe nyumbani, wamlishe anachotamani. Mgonjwa wakamwambia kwamba dawa zinahitaji muda tu.

Boti ilipatikana kwa fundi mmoja wa friji aliyekaa karibu na ziwa. Kinyozi alipopeleka habari, Breki aliinuka akaketi kitandani bila kushikwa.

"Nipe shati," akasema.

Dada mtu akaziba mlango, mikono kiunoni. "Mtu huyu hatoki humu ndani. Upepo wa ziwani utammaliza."

"Mama watoto," Breki akasema kwa upole, "mdogo wako akienda peke yake atauziwa mbuzi kwenye gunia. Acha nikamtazamie."

Mwanamke akamkazia macho mdogo wake. Alikuwa amechoka, kanga yake ilinuka dawa. "Kwenda na kurudi," akasema. "Na asiguse maji."

"Hatagusa, dada."

Wakaenda kwa teksi, mgonjwa amefunikwa koti ingawa jua lilikuwa kali. Fundi wa friji aliwapokea kwa bashasha, mtu mnene mwenye bisibisi kwenye mfuko wa shati. Uani kwake friji zilizokufa zilipangwa ukutani, milango wazi, na katikati, juu ya matofali, ilikaa boti. Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu juzijuzi. Ilimeta kama sahani.

"Aliniachia baba mkwe," fundi akasema. "Alumini tupu, haijui kutu. Mkiichukua mtanishukuru."

Kinyozi akaizunguka, akaipigapiga kwa kiganja kama anayenunua ng'ombe, asijue anatafuta nini. Breki yeye alisimama tu, amejishikilia kwenye friji moja.

"Shemeji," akauliza, "mteja akiingia dukani kwako na kofia mpya, huwa unawaza nini?"

"Nawaza kipara."

"Basi na mimi hiyo rangi naiwaza hivyo hivyo. Kipya kinyemi, kingawa kidonda."

Fundi akacheka, lakini cheko lake halikufika mbali.

Breki hakujua boti, ila alijua malori, naye akaamua kwamba chombo ni chombo. Akatoa sarafu akawa anagonga ubavu wa boti, sikio karibu, kama alivyokuwa akigonga matairi. Alumini ililia kwa sauti kali, ting, ting, mpaka akafika chini karibu na nyuma, ikajibu kwa sauti nzito kama kifua chenye mafua. Akakwangua pale kwa ukucha. Rangi ikabanduka, na chini yake ikatokea gundi ngumu ya kijivu, imebandikwa juu ya ufa.

"Mficha maradhi," Breki akasema, "kifo humuumbua."

Methali ilikuwa imemtoka kwa mzaha, lakini ilipotua hapo uani hakuna aliyecheka. Kinyozi akageuza uso, akajifanya anasoma maandishi kwenye mlango wa friji.

Wakaendelea hata hivyo. Nyuma ya boti palikuwa na ubao mnene, ndio unaobeba mashine. Breki akauchoma kwa ufunguo wa nyumba. Ufunguo ukazama kama kwenye mkate uliolowa. Kisha akaomba ndoo. "Tanki unalijuaje kama linavuja?" akasema. "Unalijaza." Kinyozi akabeba maji kutoka bombani, ndoo baada ya ndoo, akayamwaga ndani ya boti, halafu akalala kifudifudi mchangani kuchungulia chini ya tumbo lake. Vipande vya alumini vilikuwa vimeshonwa pamoja kwa safu ya vijipini vya chuma, ribiti. Kila penye ribiti palikuwa na tone. Tone lilivimba, likaning'inia, likadondoka, na jingine likaja nyuma yake.

"Inatokwa na jasho tu," fundi akasema.

"Hata mimi usiku hutokwa na jasho," Breki akamjibu. "Muulize mke wangu kama nimepona."

Mtu mwingine angeshukuru kwa ukarimu akaondoka. Kinyozi aliinuka akajipangusa mchanga, akamwambia fundi, "Tutaichukua. Leo leo."

Fundi alishangaa kuliko wote. Breki akamshika shemeji yake mkono, akamvuta mpaka nyuma ya friji. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mtoto.

"Daktari aliwaambia nini?"

Kinyozi akaangalia viatu vyake. "Alisema dawa zina—"

"Shemeji. Nimekaa na malori maisha yangu yote. Nalijua gari linalopelekwa gereji, na nalijua linalosukumwa kando ya barabara."

Kinyozi akalia pale pale, mtu mzima, na Breki akamwacha alie huku akimpigapiga mgongoni.

"Ungekuwa unajinunulia wewe, tungeshafika nyumbani," Breki akasema. "Unaninunulia mimi. Halafu nikishaondoka utabaki na bati linalovuja, na dada yako atalitazama kila akianika nguo. Usinunue."

"Sasa nifanye nini, shemeji?"

Breki akavuta pumzi. Kutoka pale ziwa lilionekana, nyuma ya ua wa fundi, limetulia.

"Muombe tuijaribu kidogo."

Fundi hakuwa mtu mbaya. Aliwatazama, kinyozi mwenye macho mekundu na mzee wa manjano ndani ya koti, na sidhani kama palihitajika maelezo. Alikwenda akaleta makasia na kopo. Wakamwaga maji yaliyokuwamo, yeye na kinyozi wakaiburuta boti mpaka ufukweni, wakamnyanyua Breki wakamkalisha mbele.

Hawakufika mbali. Kinyozi alipiga kasia la kulia kwa nguvu, la kushoto likamkataa, boti ikazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. "Breki! Kanyaga breki!" fundi akapaza sauti kutoka ufukweni, maana jina alishalisikia. Breki akaanza kucheka. Maji yakaingia kupitia ribiti, taratibu, yakafika vifundoni. Breki akachukua kopo, akawa anafua maji na kuyamwaga nje, anacheka na kukohoa, anamwelekeza shemeji yake: "Kata kona! Taa ya kulia! Mwache kuku apite!" Kinyozi naye akacheka mpaka kasia likamponyoka, na ikabidi aliokote kwa mkono.

Kisha wakachoka, wakatulia. Boti ikaelea yenyewe, imezama nusu. Breki akatumbukiza mkono ziwani mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo muda mrefu.

"Kumbe ndiyo hivi," akasema.

Waliporudi nyumbani, dada mtu alitazama suruali zilizolowa, viatu vilivyotoa maji kila hatua, akamvua mumewe nguo na kumlaza. Siku zilizofuata kifua kilimbana Breki, homa ikapanda, na haikushuka tena. Alikufa mchana, mke wake amemshika kichwa, kinyozi amesimama dirishani. Daktari alisema ni ini, lingemchukua tu, maji au bila maji. Lakini neno la daktari halina nguvu mbele ya mwanamke aliyefua suruali ile kwa mikono yake.

"Nilikukabidhi mume," akamwambia mdogo wake siku ya mazishi. "Ukanirudishia mtu aliyelowa."

Tangu hapo hakuzungumza naye. Kinyozi akipeleka chakula, kinapokelewa na jirani. Akisimama mlangoni, mlango unabaki umefungwa. Alikuwa amempoteza baba, na sasa aliyekuwa mama yake naye alikuwa hai asiyefikika. Jumamosi moja alifunga duka akaenda ziwani, asijue anatafuta nini. Fundi wa friji alimkaribisha kwa huzuni. Boti haikuwapo. Alishindwa kuiuza, akawapa wanunuzi wa vyuma chakavu, nao waliikata kwa msumeno pale pale uani. "Watayeyusha watengeneze masufuria," akasema. Matofali yalikuwa bado yamepangwa.

Mvua zilikuja zikapita. Jioni moja kinyozi alikuwa akifagia nywele sakafuni, mlango ukafunguliwa, akaingia dada yake. Alikuwa amepungua. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, kama mgeni.

"Nieleze," akasema. "Siku ile, kwenye maji."

Kinyozi akaegesha ufagio. Akamweleza yote: sarafu, ufunguo, ndoo, boti iliyozunguka, kuku, kopo. Dada akasikiliza bila kupepesa.

"Alicheka?"

"Alicheka mpaka akashika mbavu, dada."

"Nyumbani hakucheka," mwanamke akasema. "Miezi yote ile. Nikiingia chumbani anatabasamu, basi. Alikuwa ananihurumia." Akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Nilisema nina hasira kwa sababu ya homa. Si homa, mdogo wangu. Kwa nini hamkunichukua na mimi?"

Kinyozi na Breki hawakuwahi hata kuwaza jambo hilo. Jumamosi zote zile, boti ilikuwa ya watu wawili. Mteja akasukuma mlango, akaulizia kunyolewa. Kinyozi akamwambia, "Tumefunga, kaka, njoo kesho." Akashusha pazia, akaenda kukaa kwenye benchi kando ya dada yake. Dada alikuwa akilia sasa, kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi.