Mzee wa Kwenye Pedi ya Mausi

Kwa miaka mitatu nimekana. Nimekana mbele ya mume wangu na mbele ya wenzangu kazini, sote tumesoma chuo kikuu na hatuamini jambo lisilo na tanbihi. Leo nakiri: nilimpa tende mtu aliyechapwa kwenye pedi ya kuwekea mausi ya kompyuta. Cheka, ukimaliza unisikilize, maana haya yalinikuta mwenyewe, Kariakoo, nikiwa na saumu na akili zangu zote.

Ilikuwa ishirini na tisa ya Ramadhani. Mama yangu, anayeishi Magomeni, alikuwa ametoka kuondolewa mtoto wa jicho, na alikuwa amekula kiapo. "Miaka sita nimesherehekea Idd ya kuambiwa na redio. Safari hii mwezi nauona mwenyewe." Nikamwahidi kwamba jua likizama nitakuwa uani kwake, nimwelekeze pa kutazama.

Sasa mtu mwenye ahadi kama hiyo anatafuta nini Kariakoo alasiri? Pedi. Yangu ilichanika. Dada muuzaji akanionyesha yenye picha ya mzungu wa kale: ndevu hadi kifuani, koti zito jeusi, darubini mkononi.

"Huyu nani?"

"Mtazama nyota wa karne zile, mama. Za maua zimeisha."

Nikaichukua. Nje, mtaa ulikuwa umeziba kwa wanunuzi wa nguo za sikukuu, mikokoteni na bajaji. Simu ikazima chaji. Adhana ya magharibi ikanikuta kwenye baraza ya duka, nina tende mbili na aibu tele.

Pembeni yangu akasimama mzee. Koti zito jeusi, katika joto la Dar. Ndevu zile zile. Wewe ungefanyaje? Mimi nilimwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti," akajibu kama mzaliwa wa Magomeni. Akanyoosha mkono. "Vidole vitatu juu ya ule mnara, kisha kushoto kidogo."

Niamini, mwezi ulikuwepo. Mwembamba kama uzi wa cherehani.

"Angeuona mama yangu huu," nikasema, machozi yakinilenga. "Yuko peke yake Magomeni, nyumba ya mlango wa kijani."

Nikampa tende moja. Akaitafuna taratibu, akaguna. Nikageuka kutema kokwa. Kurudisha macho, hayupo.

Nilifika kwa mama isha imeshaadhiniwa. Nikamkuta anakuna nazi ya sikukuu huku akijipigia vigelegele. "Nimeuona," akasema. Sikuuliza vipi. Msomi akiogopa jibu, haulizi swali.

Pedi ninayo hadi leo. Mdomoni mwa yule mzee pana doa linalonata. Nimelisugua kwa sabuni na ndimu, wapi. Mausi ikifika pale inakwama. Watu nawaambia ni chai. Basi nakuonya: ukinunua Kariakoo kitu chenye sura ya mtu, beba futari ya wawili, na iwe ya maana.

Kwa sababu Ramadhani hii, ishirini na tisa tena, nilikuwa ofisini Posta nakusanya vitu vyangu niwahi Magomeni, simu ikaita. Mama.

"Yule mzungu wako uliyemtuma mwaka ule anionyeshe mwezi, kaja tena. Na koti lake."

"Mama, mimi sijapata kumtuma mtu."

"Basi kajituma. Anasema tende yako ilikuwa kavu. Nimtengee uji?"

Nikasogeza mausi pembeni, nikatazama pedi. Darubini ilikuwepo. Mwenyewe hayupo.

"Mtengee," nikasema. "Na tambi pia."