Nusu ya Hadithi Haikuwa Yake

Habari zenyewe zilikuwa njema, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Binti aliingia jikoni na mkoba bado begani, akaegemea mlango akitabasamu.

"Mama, nimepangiwa pa kufanyia mafunzo ya vitendo. Hebu kisia."

Mama yake hakukisia. Alikuwa akichambua mchele.

"Kwenu. Kwenye shirika lenu. Naanza Jumatatu, na Alhamisi nitakaa kwenye duara lako nione mnavyofanya."

"Hongera, mwanangu," akasema mama, kisha akageukia jiko na kuanza kukoroga sufuria ambayo ndani yake hamkuwa na kitu ila maji. Binti alicheka. Alidhani ni furaha imemchanganya.

Mama huyu watu wote walimwita Msusi, ingawa saluni yake ilikwisha kufungwa zamani na siku hizi alisuka Jumapili tu, majirani wanaomlipa kwa umbea. Siku za kazi alikuwa mshauri rika katika shirika la afya ya jamii. Cheo hicho hakina chuo, kinasomewa kwa kuugua. Msusi aliugua akili mara tu baada ya kujifungua, akalazwa, akatibiwa, akapona kiasi cha kuishi na watu, na mpaka leo anameza vidonge vyake kila jioni kabla ya kula. Kazi yake ni kukaa kwenye duara na wale ambao yamewakuta sasa hivi na kuwaambia: mimi pia.

Shirika lenyewe lilikuwa katika jengo la zamani la ghala. Ngazi za mbele zilivunjwa ikawekwa njia ya mteremko, na milango ilipanuliwa, kwa sababu mratibu wao alitembelea kiti cha magurudumu na hakuwa mtu wa kuingizwa kwa kubebwa. Katika chumba cha duara viti vilipangwa kwa namna yake: hakuna aliyeruhusiwa kukaa akiligeuzia dirisha mgongo. Fundi cherehani, mwanachama wa siku nyingi, alikuwa kiziwi, na alitaka kuona nyuso kwenye mwanga pamoja na mikono ya mkalimani. Kwa sababu hiyo pia hakuna aliyeongea wakati mwenzake anaongea. Wageni waliona ni adabu kubwa ajabu, kumbe ni kwamba mkalimani alikuwa na mikono miwili tu.

Na palikuwa na sheria moja: sema yako, ya mwenzako mwachie mwenyewe. Askari mkali wa sheria hiyo alikuwa Msusi. Siku moja muuza viatu, mtu wa maneno mengi, alianza kueleza jinsi mkewe alivyolia usiku ule yeye aliporudi na dawa mkononi. Msusi akamkata. "Hiyo ya mkeo, kaka. Akija ataisema." Muuza viatu alinywea kama amechapwa.

Sasa hadithi ya Msusi mwenyewe ilikuwa hii. Binti akiwa mchanga wa wiki chache tu, akili ya mama ilimwambia kwamba mtoto yule atakuwa salama kwa mtu yeyote duniani isipokuwa yeye. Akamfunga vizuri kwenye shuka, akampeleka stendi ya mabasi, akamlaza kwenye benchi la abiria, akarudi nyumbani kuosha vyombo. Dada yake mkubwa alipopita kuwasalimu akauliza mtoto yuko wapi. Akajibu, "Yuko salama." Dada aliusoma uso ule, akatimua mbio bila viatu, akiulizia njiani mpaka stendi. Alimkuta mtoto mapajani mwa mkata tiketi.

Hadithi hiyo Msusi aliisimulia kwa kila mzazi aliyeletwa pale akiogopa akili yake mwenyewe, na ilisaidia. Wanawake waliokuwa wamefunga midomo waliifungua. Fundi cherehani aliijua, muuza viatu aliijua, mlinzi wa getini aliijua na huwa anaiongezea chumvi. Mtu mmoja tu hakuijua. Nyumbani binti aliambiwa hivi: mama aliumwa kidogo ulipokuwa mchanga, mama mkubwa akakulea miezi kadhaa, basi. Baba naye alikwisha kujiondokea zamani, kwa hiyo hapakuwa na wa kuropoka.

Jumatatu Msusi alifika kazini kabla ya wafagiaji. Alimvizia mratibu kwenye mteremko.

"Bosi, hawa wanafunzi wa uuguzi hawawezi kupelekwa kliniki ya watoto? Naona kule watajifunza zaidi."

"Wanafunzi au binti yako?"

Msusi akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Hajui?" mratibu akauliza.

"Anajua niliumwa."

"Sikuulizi hilo." Mratibu alifunga breki za kiti chake, na mtu yule akifunga breki ujue mazungumzo hayajaisha. "Ulimkatiza muuza viatu kwa sababu ya machozi ya mkewe. Na yule mtoto wa kwenye benchi, kwa sheria yetu hii, ni wewe au ni mwenzako?"

Msusi aliuacha mkoba. Miaka yote ile alisimulia habari ya mtu mwingine na hakuwahi kuona. Alimhesabu mtoto yule kuwa sehemu ya mwili wake, kama mkono. Kumbe mkono ulikua, ukaenda chuo, na sasa ulikuwa pale ndani ukigawiwa kitambulisho.

"Naweza kumhamisha," mratibu akasema kwa upole. "Lakini midomo yote hii nitaihamishia wapi? Mwambie wewe."

Kumwambia. Ni rahisi kusema ukiwa umekaa. Siku zile tatu Msusi alikaa roho juu. Binti akicheka na mlinzi, Msusi anatoka nje kuona wanacheka nini. Akiona mtu yeyote amemwinamia binti sikioni, anajipenyeza katikati yao. Na juu ya hofu hiyo ilikaa hofu nyingine: usingizi ulianza kumpaa, naye alijua vizuri kwamba kwa mtu kama yeye usingizi ukipaa si jambo la mchezo. Akamweleza daktari, akaongezewa dawa, akaambiwa apumzike. Apumzikie wapi?

Jumanne alifanya jambo la aibu. Alimfuata muuza viatu kwenye meza yake ya barabarani.

"Kaka yangu, Alhamisi ile habari yangu ya benchi msiiguse."

Muuza viatu alikuwa akikifuta kiatu cha kike. Aliendelea kukifuta. "Ni wewe uliyeniambia nisione haya. Nikamweleza mpaka baba mkwe wangu kwamba nameza dawa. Leo unaniambia nifunge mdomo?"

"Ni kwa siku hiyo tu."

"Sawa, dada. Tutafunga, nitawaambia na wenzangu." Wala hakukasirika, na hilo lilimuuma Msusi kuliko kama angemtukana.

Jumatano jioni binti alikuwa akipiga pasi sare yake nyeupe, anaimba kwa pua. Msusi akapiga moyo konde, akavuta kigoda.

"Mwanangu, kuna kitu."

"Nini, mama?" Binti akaisimamisha pasi. Macho yake yalikuwa maangavu, hayana hata wingu, macho ya mtu anayeamini kwamba tangu azaliwe hakuwahi kuachwa mahali popote.

"Kola hiyo umeiruka," akasema Msusi.

Alitoka uani akampigia simu dada yake. Dada alisikiliza mpaka mwisho. "Yalikwisha," akasema. "Nilikuambia yamekwisha, unayafukua ya nini?"

"Hayajaisha, dada. Yanaanza kesho saa nne."

Alhamisi duara lilijaa. Binti alikaa karibu na mlango, miguu pamoja, kalamu mkononi. Wanachama walimwamkia kwa heshima iliyozidi kipimo, na muuza viatu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikaa amebana midomo kama mtu anayeumwa jino. Mtu yeyote mwenye akili angejua kuna jambo.

Kisha mratibu akamleta mgeni. Alikuwa mzazi kijana, amevaa sandali zisizofanana, na nyuma yake mama mkwe amembeba mtoto. Mratibu alikwisha kumdokeza Msusi mambo yao asubuhi ile. Mzazi hamshiki mtoto wala hamezi dawa, na nyumbani wamechoka. Leo akitoka hapa bila kufungua mdomo, mama mkwe ataondoka na mtoto kwenda kwake mbali, na yeye atabaki chumbani na mlango uliofungwa kwa nje.

Duara likazunguka. Kila mmoja alisema yake, pole pole, mikono ya mkalimani ikifuata. Zamu ilipomfikia, mzazi alitazama sandali zake.

"Hakuna mtu humu anayejua," akasema.

Hapo ndipo macho yote, bila kupangana, yalipomgeukia Msusi. Yakakumbuka ahadi, yakatawanyika: huyu dirishani, huyu darini, huyu kwenye kucha zake. Fundi cherehani peke yake hakuondoa yake. Yeye hakuombwa kunyamaza, kwa maana bila mkalimani hakuna aliyejua amwombeje. Alimwangalia Msusi, akamwonyesha mzazi kwa kidevu, akafungua viganja. Mkalimani alinong'ona, "Anauliza unangoja nini."

Mama mkwe akaanza kukusanya mkoba wake.

Akisimulia, binti atasikia pamoja na wageni. Asiposimulia, mlango wa yule mzazi utafungwa kwa nje. Msusi akakisukuma kiti nyuma. Akasimama.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "nakuomba usiondoke. Narudi sasa hivi. Binti yangu, njoo."

Ukumbini palikuwa na ndoo ya kupigia deki na harufu ya dawa ya sakafu. Msusi hakutafuta pa kukaa, maana angekaa asingesema. Alisema yote akiwa amesimama, haraka, bila yale mapambo aliyoyazoea ya kwenye duara: shuka, stendi, benchi, vyombo, mama mkubwa bila viatu.

"Ni hadithi ninayowasaidia nayo watu. Nusu yake ni yako, na mimi nimeitumia yote bila kukuuliza. Sasa nakuuliza, na yule dada humo ndani anaihitaji leo. Ukisema nisiseme, sisemi. Nitakaa naye hivyo hivyo."

Binti alikuwa ameushika ukuta.

"Wote humo wanajua?"

"Wanajua."

"Na mlinzi?"

"Na mlinzi."

Binti akatikisa kichwa kwa kicheko kisicho na furaha. Alisomea ugonjwa huo darasani, aliujua kwa jina na kwa dalili zake, na alipata alama nzuri. Hayo yote yalikuwa hayamsaidii kitu.

"Nililia?" akauliza.

"Lini?"

"Pale benchini. Nililia?"

"Sijui, mwanangu," akasema Msusi. "Sikuwepo."

Ndani mtoto wa watu alikohoa.

"Nenda kasimulie," binti akasema mwishowe. "Lakini mimi siingii."

Msusi alirudi, akakiburuta kiti chake mpaka mbele ya mzazi, uso kwenye mwanga, akasimulia. Mara mbili alirudia jambo moja. Hakuwahi kuisimulia vibaya namna ile. Alipomaliza, mzazi aliinua macho.

"Na mtoto wako alikusamehe?"

Swali hilo waliliuliza wote, na siku zote Msusi alikuwa na jibu lake tamu.

"Sijui. Nimemwambia sasa hivi tu, hapo nje."

Mzazi alimtazama kwa makini, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini. "Kwangu mimi ni beseni," akasema taratibu. "La kumwogeshea. Nikiliona lina maji, napata mawazo. Ndiyo maana simgusi. Si kwamba simpendi." Mama mkwe, aliyekuwa ameusimamisha mkoba magotini, aliuweka chini. Akalia kwa sauti ya chini, akisema mwanangu, mwanangu, mbona hukuniambia, na safari ya mbali haikutajwa tena asubuhi ile.

Binti, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliingia wakati huo. Hakumtazama mama yake. Alichuchumaa mbele ya mzazi akamwambia, "Dada, maji ya kuogesha hayatakuwa kazi yako kwa sasa. Atamwogesha bibi yake, na mimi nitapita nyumbani kuwaona. Tuongee na daktari leo hii kuhusu dawa, nitakupeleka mwenyewe." Wakatoka wote, mzazi, mama mkwe na binti, na Msusi akabaki na duara lake. Muuza viatu alimletea maji ya kunywa. Hakusema neno, na kwake hiyo ni zawadi kubwa.

Saa za kazi zilipokwisha, Msusi alimsubiri binti getini. Kila aliyetoka alimfanya ashtuke. Aliwaza kwamba labda amepitia mlango wa nyuma, labda amekwenda kuomba ahamishwe, labda hatasema naye tena. Binti alitokea wa mwisho, sare imekunjamana, mkoba begani.

"Mzazi amekubali dawa," akasema. "Ameanza leo."

"Vizuri."

"Mimi leo nalala kwa mama mkubwa." Alikuwa akiitazama barabara. "Nataka kumuuliza yeye kama nililia."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumshika mkono, akaona si wakati wake.

"Muulize," akasema. "Na ukirudi uniambie. Miaka yote hii sijathubutu kumuuliza."