Bweni Aliloling'arisha Mama

Juzi nilipita nje ya chuo nikakuta bweni la zamani limezungushiwa mabati, nusu yake imeshabomolewa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, mama yangu alifanya kazi humu.

Wewe hukuliona, kwa hiyo nikueleze. Lilijengwa miaka ya arobaini, ngazi za mbao, sakafu nyekundu ya kusuguliwa kwa polishi mpaka uone sura yako. Koridoni zilipangwa picha za wanafunzi wa wakati ule: vijana wa Kizungu pekee, majoho meusi, wengine watu wazima kidogo, wametoka vitani. Meza za kulia chakula walizichonga majina kwa visu, na mama kila Ijumaa alizipaka nta zile herufi kama za ndugu zake. Harufu ya polishi alirudi nayo kwenye chumba tulichopanga mtaa wa Berea, ikakaa kwenye mto tuliolalia wote wawili.

Kazi yenyewe haikuwa kwa jina lake. Tulikuwa wageni kutoka Tanga, na karatasi zake za kuishi huku zilikuwa zimeisha muda, basi jirani, mama wa Kizulu, akamwazima kitambulisho chake. Chuoni mama aliongea Kizulu tu. Likizo moja akakosa wa kumwachia mtoto, akaenda nami, nina miaka saba. Njiani alinishika kidevu. "Ukiingia mle, wewe bubu. Tukijulikana, hatuna pa kulala."

Nikawa bubu siku tatu. Nilikaa chini ya zile picha na mkate wangu wa siagi ya karanga, nikiwatazama wale vijana. Siku ya nne akapanda ngazi msimamizi, mzee wa mvi, akasimama mbele yangu. Hata sikufikiri. Niliinuka, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo." Kwetu Tanga mtoto hampiti mtu mzima kimya, na hilo mama alinifunza mwenyewe, mara nyingine kwa kofi.

Akaniuliza kwa Kizulu hiyo ni lugha ya wapi. Nikamjibu, "Ya mama."

Akamwita mama. Wala hakufoka. Alisema naye ana watoto, na ofisi ikijua, atafukuzwa yeye. Kabla ya saa sita tulikuwa nje ya geti.

Eish, nilingoja kipigo. Tulitembea mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, tukasubiri zituruhusu kuvuka, nikaanza kulia. Mama akanifuta kamasi kwa ncha ya kanga. "Hujakosa," akasema. "Mtu mzima huamkiwa."

Mwezi uleule tulitolewa chumbani kwa kukosa kodi. Tukawa wa kulala kwa watu, leo Troyeville, kesho kwingine, mama akiuza nyanya barabarani Marshalltown. Kifua kilimbana msimu wa baridi wa kwanza, wa pili hakuumaliza akiwa hai.

Siku ile hakuitaja tena. Nami nilitamani aitaje, anikaripie hata mara moja, nipate pa kuanzia kumwomba radhi. Sikupata. Nilijiambia nikikua nitaingia mle ndani, nipande zile ngazi, nimwombe radhi hata nikiwa peke yangu. Nimekua, miaka imepita, nilikuwa naona haya. Sasa hakuna pa kupanda.