Mtoto wangu alivyoacha kupumua mgongoni mwangu tukichuma pareto, na mama niliyemnunia akamwona

Wakuu, salamu kutoka Free Area, Nakuru.

Nina miaka themanini na kitu, naandika kwa simu ya mjukuu na kidole kimoja, kwa hivyo makosa mtayameza hivyo hivyo. Lakini chumvi sitatia hata chembe.

Miaka ya hamsini ikielekea kuisha, mimi na mume wangu tulikuwa vibarua kwa shamba la mzungu huko juu Molo. Wanawake tulichuma pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu. Baridi ya asubuhi ilikuwa inakata masikio.

Nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, Mwangi, wa miezi miwili. Tulikuwa tunamfunga mtoto mgongoni na blanketi mpaka juu ya kichwa, asipigwe na baridi. Wote tulifanya hivyo.

Sasa, mama hana macho kisogoni. Kwa hivyo tulikuwa na mtindo wetu, wala si nyapara aliyetufundisha. Kila mmoja anabaki hatua chache nyuma ya mwenzake wa mstari wa kando, na huyo wa nyuma anatupia jicho mgongo wa aliye mbele. Blanketi ikitulia sana, anaita.

Aliyeniangalia mimi ni jirani yangu, Mama Wekesa, mtu wa Magharibi mwa Kenya, amenizidi umri. Tulielewana kwa Kiswahili cha shamba tu.

Tulichokosania naona haya kusema. Ndoo! Alichota maji na ndoo yangu bila kuuliza, nikanuna siku tatu. Ujana ni ugonjwa, jameni.

Siku ya nne nikaamua huyu haniangalii tena. Nikachukua mstari wa mwisho kabisa, nikabaki nyuma ya kila mtu. Na kwa vile majani yalikuwa na barafu, nikaongeza shali nzito juu ya blanketi.

Mtoto kimya. Nikafurahi kwamba amelala, nikaongeza mwendo.

Kumbe Mama Wekesa alikuwa anageuka nyuma kuniangalia nikiinama, na sasa ameacha mstari wake, nyapara anamfokea, yeye anakuja tu. Nikasikia shali inavutwa.

"Mama Mwangi, simama! Toto hapana pumua!"

Midomo ya Mwangi ilikuwa rangi ya majivu. Mimi nilipiga magoti tu. Yeye akamsugua mgongo, akamfinya nyayo, akampulizia pumzi mdomoni na puani, kidogo kidogo. Hakuna kitu. Akarudia. Hakuna kitu. Akarudia tena, mtoto akakohoa, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna hiyo.

Jioni nilimuuliza kwa nini alikuja na tumekosana. Akanishangaa.

"Mimi nakosana na wewe. Na toto bado."

Miaka yote hii nimejiona kama mtu aliyetaka kuua mtoto wake. Majuzi mjukuu wangu anayesomea nursing akanieleza. Mtoto akifunikwa uso, anavuta tena pumzi aliyotoa, carbon dioxide inajaa. Chini ya ubongo, huku nyuma karibu na shingo, kuna seli zinazotengeneza kemikali inaitwa serotonin. Zikionja ile hewa imezidi, zinausukuma mwili: pumua kwa nguvu, amka, lia. Kwa watoto wengine wachanga msukumo huo bado ni hafifu, kwa hivyo analala tu, haamki.

Kama Mwangi alikuwa hivyo siwezi kuapa, hakuna aliyempima. Lakini nililia jikoni mpaka chai ikamwagika.

Nyinyi wazazi wa siku hizi, tafadhali, mtoto asifunikwe uso, hata kama baridi ni ya Molo. Na ukikosana na mtu, usimfiche mtoto wako.

Mama Wekesa alishatangulia. Nilimshukuru akiwa hai, mara nyingi mpaka akachoka, na bado naona haikutosha. Mama, asante.

Haya, nanyi mseme: nani aliyekuokolea mtoto na hukustahili? Nitasoma zote.

Mniwie radhi nikichelewa kujibu. Mwangi amekuja kutoka Naivasha, babu mzima mwenye mvi, amelala hapa kwa kochi. Anakoroma mpaka watoto wamehamia nje. Wanataka nimwamshe, na mimi nimevuta kiti karibu, nasikiliza.